Dirisha Katika Karakana ya Yosefu

Mtu akijenga nyumba, marafiki humwuliza habari za matofali na mabati. Humwuliza: umechoma tanuru ngapi? Umenunua mabati mangapi? Ni wachache wanaomwuliza: madirisha utayafunga kwa kitu gani?

Hata sisi hatukujiuliza. Tulisimamisha kuta, tukaezeka, tukaingia na watoto na vyombo. Kisha tukaona nafasi za madirisha zimebaki wazi. Vioo vilikuwa vya bei kali, na barabara ya kupanda huku kwetu, upande wa ziwa Tanganyika, ni mbaya: kioo kikifika kizima ni bahati. Basi tukamwita kijana mmoja mwenye msumeno na nyundo. Akachukua mbao za mkaratusi zilizopasuliwa mwezi uleule, akapigilia kifuniko kimoja kwa kila dirisha. Hakupima ila kwa mkono. Siku mbili kazi ikaisha, nasi tukafurahi kwa sababu bei ilikuwa ndogo.

Kiangazi kilipokuja, mbao zilijikunja kama majani ya tumbako juani. Huku zikaacha ufa wa vidole viwili, huku zikakwama hata tukazisukuma kwa bega. Usiku mmoja wa mwezi wa saba, upepo wa milimani ulikuwa mkali na mtoto wetu mdogo alikuwa akikohoa. Dirisha letu lilijua mambo mawili tu: kuwa wazi lote au kufungwa lote. Tukalifunga. Tukaziba nyufa kwa matambara, tukaingiza mbabula ya makala karibu na kitanda, tukalala.

Saa nane ya usiku mama wa watoto aliamka na kichwa kizito. Alitaka kusimama, miguu ikakataa. Akajikokota kwa magoti mpaka mlangoni, akaufungua. Hewa ndiyo iliyotuokoa. Mtoto alitapika mpaka jua likatoka, lakini aliishi, tumshukuru Mungu.

Asubuhi mzee mmoja, seremala wa misioni tangu ujana wake, alikuja kutupa pole. Alizunguka nyumba polepole, akakigusa kile kifuniko cha dirisha, akasema: “Mwalimu, hili si dirisha. Hiki ni kifuniko cha sanduku. Na ndani ya sanduku mtu huingia mara moja tu.”

Neno hilo lilituchoma. Kwa sababu yake tulianza kutafuta: watu wa zamani, ambao nao hawakuwa na vioo, walifungaje madirisha yao? Tuliyoyaona twataka kuyaeleza hapa, maana katika vijiji vyetu nyumba za matofali zinaongezeka kila mwaka, na wengi wanafanya kosa lilelile tulilolifanya sisi.

Kwanza tupatane juu ya jina. Mlango una ubawa mmoja au mbawa mbili. Dirisha nalo lina mbawa zake: ni vile vilango vidogo vya mbao vinavyoshikwa na bawaba, ambavyo wanaosema Kifaransa huviita volets. Kuna mbawa za nje, na kuna mbawa za ndani. Habari yetu hasa ni ya mbawa za ndani, zile ambazo mwenye nyumba huzifungua na kuzifunga akiwa chumbani mwake.

Picha ya watu wa Flandria

Katika vitabu vya parokia tulikuta kitabu kimoja cha picha takatifu. Ndani yake mna picha ya Malaika Gabrieli akimpasha Bikira Maria habari njema. Picha hiyo ilichorwa katika karakana ya fundi Robert Campin, katika mji wa Tournai, ambao leo uko Ubelgiji, kati ya mwaka 1427 na 1432 hivi. Ina sehemu tatu zinazokunjwa. Nayo si kubwa: sehemu ya katikati ni kama sentimita 64 kwenda juu. Watu huiita kwa jina la ukoo wa Mérode, ambao zamani waliimiliki. Tangu mwaka 1956 ni mali ya jumba la makumbusho la Metropolitan katika New York.

Wachoraji wa Flandria walikuwa na desturi moja iliyotufaa sana. Walimweka Mama Bikira Maria katika nyumba ya nchi yao na ya wakati wao, wakachora kila kitu kama macho yao yalivyokiona: birika, kitambaa, mshumaa, misumari. Kwa hiyo anayetaka kujua dirisha la miaka 600 iliyopita lilikuwaje, na atazame picha hizo.

Katika sehemu ya kuume yumo Mtakatifu Yosefu. Amekaa katika karakana yake, anatoboa matundu katika ubao, na vyombo vya useremala vimetawanyika mbele yake. Nyuma yake kuna dirisha linaloelekea uwanja wa mji. Mbawa zake hazifunguki kando kama zetu. Zimeinuliwa juu na kushikwa darini, ili fundi apate mwanga wote wa mchana na wapita njia waone kazi yake. Hapo dirishani umewekwa mtego wa panya, kama bidhaa ya kuuzwa. Mwaka 1945 mtaalamu mmoja, Meyer Schapiro, alieleza maana yake: Mtakatifu Agostino alifundisha kwamba msalaba wa Bwana ulikuwa mtego wa kumnasa shetani. Basi seremala mpole, akiwa dirishani pake, anatengeneza mtego wa adui.

Katika sehemu ya katikati, chumbani mwa Maria, dirisha la nyuma ni la namna nyingine. Juu mna vioo vyenye ngao za ukoo, na mbawa za mbao ziko kwa ndani, mkononi mwa mwenye chumba.

Picha ya pili yatuonyesha jambo hilo wazi zaidi. Ilichorwa na Jan van Eyck mwaka 1434. Ni picha ya mume na mke wa ukoo wa Arnolfini, wafanyabiashara wa Italia waliokaa katika mji wa Bruges. Leo iko London. Dirisha lao lina mbawa sita za mbao, zote za ndani. Lakini kioo kiko sehemu ya juu tu! Vipande vidogo vya mviringo vimeungwa pamoja na vipande vya rangi. Chini hakuna kioo hata kidogo: ukifungua ubawa, ni wazi mpaka bustanini, na mti wenye matunda waonekana nje.

Wasomaji, tukae kidogo hapo. Mtu huyu alikuwa tajiri. Mkewe amevaa vazi zito lenye manyoya ya thamani. Taa ya shaba yaning'inia juu yao. Na bado hakutia kioo dirisha zima. Kwa nini?

Kioo kidogo, mbao nyingi

Sababu ilikuwa bei na ufundi. Siku zile kioo kilitengenezwa kwa pumzi ya mtu. Fundi alichota kioo kilichoyeyuka kwa bomba la chuma, akapuliza kama apulizaye kibofu, kisha akakizungusha mpaka kikawa sahani. Katikati ya sahani ilibaki alama nene, mahali fimbo ya chuma iliposhika. Sahani hizo hazikuwa kubwa. Kwa hiyo vipande vidogo viliungwa kwa vijiti vya risasi mpaka vikajaza nafasi. Kazi ilikuwa ndefu, na gharama yake kubwa.

Basi maseremala na waashi wa Flandria na Uholanzi walifanya nini? Waligawanya dirisha. Walisimamisha nguzo moja katikati, wakalaza boriti moja juu yake, dirisha likawa na umbo la msalaba na nafasi nne. Nafasi mbili za juu zilitiwa kioo kisichofunguka. Nafasi mbili za chini zilitiwa mbawa za mbao, na pengine kimia cha vijiti au kitambaa kilichopakwa mafuta. Baridi ikizidi, walifunga chini wakabaki na mwanga wa juu. Jua likirudi, walifungua chini wakapata hewa. Mwizi akipita usiku, mbao nene na komeo la chuma vilimzuia mahali mkono wake ulipoweza kufika.

Kwa maneno mengine, watu wale hawakulazimishwa kuchagua kati ya mwanga na usalama. Umaskini wa kioo uliwafundisha akili: mahitaji ya nyumba ni mengi, wala ubawa mmoja hauwezi kuyatimiza yote. Hapo ndipo tulipoona kosa letu. Hatukukosa kioo tu. Tulikosa kugawanya.

Wamisionari wengi wa kwanza wa huku kwetu walitoka katika nchi hiyo ya Flandria. Askofu Victor Roelens alizaliwa mwaka 1858 katika kijiji cha Ardooie, Flandria ya Magharibi, naye mwaka 1893 akaanzisha misioni ya Baudouinville, ambayo leo tunaiita Kirungu. Yule mzee seremala, aliyejifunza randa na patasi kwa mabruda, alikuwa akitumia kanuni za kale kuliko alivyodhani mwenyewe.

Mbawa zinazojificha ukutani

Miaka ikapita, na kioo kikaongezeka. Mwaka 1665, chini ya mfalme Louis wa 14, Ufaransa ilianzisha kiwanda cha kifalme cha vioo vikubwa. Uingereza nayo, baada ya moto mkubwa ulioteketeza London mwaka 1666, ikaanza kujenga nyumba za matofali zenye madirisha marefu. Hofu ya moto ilikuwa kubwa hata sheria ya mwaka 1709 ikaagiza kwamba kiunzi cha dirisha kirudishwe ndani ya ukuta kiasi cha sentimita 10, ili mbao zisikae usoni pa nyumba na kupokea ndimi za moto.

Unene wa ukuta ulikuwa na faida kwa mbawa za ndani. Tuseme dirisha lina upana wa sentimita 90, na upande wa ndani wa ukuta una kina cha sentimita 25. Ukiweka mbawa mbili za sentimita 45, zikifunguliwa zitatokeza chumbani, zitagonga kichwa cha mtoto na kuzuia kiti. Lakini ukiweka mbawa nne za sentimita 22 na nusu, mbili kila upande, zikiungwa kwa bawaba na kukunjwa kama kitabu, zitalala ndani ya unene wa ukuta. Mafundi wa Uingereza walizitengenezea hata visanduku katika miimo. Mchana mgeni hakuziona kabisa, alidhani ni pambo la ukuta. Usiku zilitoka, zikafunga dirisha, na pao la chuma likalazwa mbele yake.

Mbao zenyewe zilifanywa kwa hekima. Ubao mpana mmoja haufai, maana mti hauachi kupumua hata baada ya kukatwa. Wakati wa mvua huvimba, wakati wa kiangazi husinyaa. Tena hausinyai sana kwa urefu wake, bali kwa upana. Kwa hiyo fundi alitengeneza fremu ya miti myembamba, iliyoungwa kwa ulimi na tundu, akachimba mfuo ndani yake, akaingiza ubao mwembamba katika mfuo pasipo kuupigilia misumari wala kuutia gundi. Ubao huo ukivimba una nafasi, ukisinyaa hauchomoki. Fremu yabaki imenyooka. Ndiyo sababu mbawa nyingi za miaka 200 na zaidi bado zinafunga vizuri mpaka leo, na za kwetu zilikufa katika kiangazi kimoja.

Wakati huohuo serikali nazo ziliona kwamba mwanga unaweza kutozwa. Uingereza iliweka kodi ya madirisha mwaka 1696, isiondolewe mpaka mwaka 1851. Ufaransa iliweka kodi ya milango na madirisha mwaka 1798, ikadumu mpaka 1926. Watu waliziba madirisha kwa matofali ili wasilipe. Matajiri walizidi kuonyesha madirisha yao, na maskini wakakaa gizani pamoja na magonjwa yao. Twakumbuka jambo hili kila mara tupitapo mbele ya nyumba iliyojengwa juzi ambayo madirisha yake yamezibwa. Hakuna aliyewatoza kodi wenye nyumba ile, isipokuwa hofu.

Nchi za joto

Tusidhani kwamba ufundi huu ni wa nchi za baridi tu. Kwenye joto la nchi za bahari ya Mediterania, watu walitaka upepo uingie, jua libaki nje, na mpita njia asione mambo ya ndani. Wakafanya ubawa wa vibao vyembamba vingi, vilivyolazwa mshazari kama mabati yapandanavyo. Maji ya mvua huteremka nje, hewa hupita katikati. Wafaransa waliuita ubawa huo persienne, yaani wa Uajemi. Namna nyingine waliiita jalousie, maana yake wivu, kwa kuwa mtu aliye ndani huona nje pasipo kuonekana.

Baadaye mafundi walivitia vibao hivyo kijiti cha kuvigeuza vyote pamoja, ili mwenye nyumba apime mwenyewe kiasi cha mwanga. Namna hiyo yenye vibao vipana ilienea sana katika majimbo ya kusini ya Marekani.

Kioo kikawa rahisi, mbawa zikasahauliwa

Mwanzoni mwa karne ya 20, Mbelgiji mmoja, Emile Fourcault, alibuni mashine ya kuvuta kioo kutoka katika tanuru kama mtu avutaye kitambaa, kisikome. Mwaka 1959 kiwanda cha Pilkington cha Uingereza kilitangaza njia nyingine: kioo kilichoyeyuka kumiminwa juu ya bati iliyoyeyuka, kikaelea na kuwa laini pande zote mbili. Tangu hapo kioo kikawa rahisi katika Ulaya. Watu wakatundika mapazia, mbawa za kale zikapigwa rangi mpaka zikagandamana katika visanduku vyake, wala wengi hawakujua tena kwamba zimo. Leo wenye nyumba wengi wanazifungua tena, au wanawaagiza maseremala wawatengenezee mpya kwa kipimo cha dirisha. Wanataka usingizi wa giza, ukimya, na joto lisipotee usiku.

Nasi huku tuliona kioo kimekuja, tukadhani mbao ni alama ya umaskini. La hasha! Kioo huruhusu mwanga, lakini hakizuii jiwe. Mbao huzuia jiwe, lakini hazileti mwanga. Kila kimoja kina kazi yake.

Hewa, mbu na makala

Sasa tuseme habari ya uzima wenyewe. Mwaka 1882 Robert Koch aligundua kijidudu cha kifua kikuu. Kijidudu hicho huenea hewani, mgonjwa anapokohoa katika chumba kilichofungwa. Hewa inayopita hukipunguza, na jua hukiua. Basi chumba chenye mgonjwa wa kikohozi kifunguliwe.

Mwaka 1897 Ronald Ross alipata ndani ya mbu viini vya malaria. Mwaka 1900 madaktari Sambon na Low, pamoja na wenzao, walikaa msimu mzima wa homa katika kibanda karibu na Ostia, Italia, mahali palipojulikana kwa malaria. Madirisha yao yalikuwa na wavu wa waya, nao waliingia ndani kabla jua halijatua. Hakuna hata mmoja aliyepata malaria. Hapo ubawa wa ndani una faida juu ya ule wa nje: wavu unapigiliwa nje, ubawa unafunguliwa ndani, wala mtu hana haja ya kuondoa wavu ili afunge dirisha.

Tuseme pia ukweli kwa upande wa pili. Ubawa wa nje hushinda ule wa ndani kwa kuzuia joto, maana hulikamata jua kabla halijagusa kioo. Nyumba iliyo bondeni, kwenye jua kali la magharibi, yaweza kuhitaji wa nje. Lakini wa nje hupigwa na mvua, na bawaba zake zikiwa nje mwizi aweza kuzing'oa. Wa ndani hudumu zaidi, na bawaba zake ziko chini ya macho yako.

Na makala? Makala yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu hulala, asiamke. Msidanganyike: hata dirisha lililogawanywa vizuri halitoshi kuifanya mbabula iwe salama ndani. Mbabula ilale nje. Twasema hivyo kwa sababu tulikuwa karibu kuzikwa.

Jinsi ya kuchagua

Yule mzee ndiye aliyetutengenezea mbawa mpya. Hakuanza na msumeno. Alikuja na mita, guni na daftari. Kila dirisha alilipima upana mara tatu, juu, katikati na chini. Urefu vilevile mara tatu. Akaandika kipimo kilicho kidogo kuliko vyote. Kisha akavuta kamba toka pembe hii mpaka pembe ile, akairudia kwa pembe nyingine. Kamba mbili zikilingana, dirisha ni la mraba. Zisipolingana, mwashi alipotoka. Katika madirisha yetu manne, hakuna yaliyofanana! “Mwalimu,” akasema, “ulitaka viatu vya namba moja kwa watoto wanne.”

Tangu siku hiyo twawashauri hivi wanaotuuliza:

Kwanza, mwite fundi kabla ukuta haujafika kwenye kizingiti cha juu. Unene wa ukuta ndio utakaoamua idadi ya mbawa.

Pili, uliza mti ulikatwa lini. Kanuni ya zamani yasema mbao zikauke kivulini kama mwaka mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Mninga ni mzuri sana, kwa kuwa haujikunji ovyo. Mvule ni mgumu, na mchwa hawaupendi. Mkaratusi mbichi usiukubali, hata ukipewa bure.

Tatu, gawanya. Chini weka mbawa nzito za fremu, zenye komeo la ndani. Juu weka vibao vya mshazari au nafasi ndogo yenye wavu, isiyofikiwa na mkono wa mtu aliye nje, ili hewa isikatike usiku.

Nne, acha nafasi ndogo pande zote, kama milimita tatu, maana mvua itakuja na mti utavimba.

Tano, komeo lifunguke upesi kwa ndani, bila ufunguo, hata mtoto aweze. Moto ukitokea usiku, dirisha ni mlango wa pili.

Sita, kama fedha hazitoshi kwa madirisha yote, anza na chumba wanamolala watoto. Sebule ya wageni yaweza kungoja.

Twajua kwamba wengi hufunga nyumba zao kwa sababu ya hofu, na katika nchi yetu hofu hiyo haikutoka bure. Hatutamwambia mjane akae wazi. Twamwambia tu: mama, funga chini, usizibe juu. Watu wa Flandria walikuwa na wezi, walikuwa na vita, walikuwa na baridi kuliko yetu. Wakajilinda, lakini wakaacha mwanga uingie juu ya vichwa vyao.

Tukirudi kwenye ile picha ya Tournai, mna jambo moja ambalo tulichelewa kuliona. Mtoto Yesu, mdogo kama kidole, anateremka kwa mshale wa nuru na kuingia nyumbani mwa Maria kwa dirisha la mviringo. Dirisha hilo lina kioo, nacho hakikuvunjika. Mchoraji alitaka kutufundisha juu ya ubikira wa Mama yetu. Lakini mwenye kujenga naye aweza kujifunza kitu hapo: nyumba yaweza kufungwa vema, na bado nuru ikapata njia.

Yule mtoto aliyetapika usiku ule sasa ni kijana. Kila jioni kazi yake ni kufunga mbawa za chini. Huzivuta moja moja, hulisukuma komeo, kisha huinua macho kutazama vile vibao vya juu kama viko wazi. Hatukumfundisha kutazama hivyo. Mama yake ndiye aliyemfundisha.